Mbio za Pwani Isiyo na Farasi

Kau hakuna farasi. Nimekulia ukingoni mwa mto Ozi, mwendo mfupi kutoka Kipini, mto unapoingia baharini, na farasi wa kwanza kumwona kwa macho nilimwona ufuoni Mombasa nikiwa nimeshaota ndevu, amefungwa kwenye mnazi akisubiri watalii. Lakini farasi tulimjua. Alikuwa kwenye hadithi za bibi, akipandwa na wana wa wafalme wanaokwenda kuposa nchi za mbali. Alikuwa kwenye visa vya vita vilivyosimuliwa baraza ya msikiti usiku wa Ramadhani. Basi tulivunja mapongoo ya makuti, tukayapanda, tukayakimbiza kwenye tuta la shamba la mpunga, na kila tulipofika kwenye mtaro tuliruka. Aliyetumbukia alitoka na tope mpaka kifuani, akarudi nyuma, akaanza upya.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mchezo wetu wa tope una ndugu zake duniani, na kwamba ndugu hao wana historia ndefu.

Mwaka 1752 huko Ireland watu wawili waliwekeana dau. Walitoka kanisa la Buttevant wakakimbiza farasi hadi kanisa la Doneraile, kilomita zipatazo saba. Njia haikuchorwa. Alama ilikuwa moja tu: mnara wa kanisa la mbele, unaoonekana juu ya miti. Kilichokuwa katikati, uwe ua wa miiba, ukuta wa mawe, mtaro au kijito, farasi alipaswa kukiruka. Ndiyo maana kwa Kiingereza mbio za aina hiyo zinaitwa mpaka leo kwa jina la mnara wa kanisa, ingawa siku hizi hakuna anayeutazama mnara. Farasi huzunguka uwanja uliopimwa na kuwekewa viunzi.

Mbio zilizo maarufu kuliko zote za aina hiyo hufanyika kila mwaka Aintree, nje kidogo ya Liverpool, Uingereza. Huitwa Grand National. Zilizofanyika mwaka 1839 ndizo zinazohesabiwa na wengi kuwa za kwanza, na farasi aliyeshinda aliitwa Lottery. Mwaka huohuo mpandaji mmoja, Kapteni Martin Becher, aliangushwa ndani ya kijito, akajibanza majini huku farasi wengine wakiruka juu ya kichwa chake. Kijito hicho kina jina lake hadi sasa. Viunzi ni 30, mwendo unakaribia kilomita saba, na katika historia yake yote hakuna farasi aliyeshinda mara tatu isipokuwa Red Rum, miaka ya 1973, 1974 na 1977. Mwanamke wa kwanza kushinda ni Rachael Blackmore, mwaka 2021. Farasi wamekufa humo, na malalamiko ya watu wanaowahurumia wanyama yamesikika: mwaka 2024 idadi ya farasi wanaoruhusiwa kuanza ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34.

Mimi mbio hizo nimeziona kwenye televisheni tu. Kilichonishika si mshindi. Ni farasi aliyemwangusha mpandaji wake kwenye kiunzi cha mwanzo, akaendelea kukimbia na wenzake, tandiko tupu mgongoni, akiruka kila kiunzi bila wa kumwongoza. Nilijiuliza: huyu anakimbilia nini? Hapana dau linalomhusu. Hapana anayempiga. Nadhani anakimbia kwa sababu wenzake wanakimbia. Hilo litunze, msomaji, tutalikuta tena mbele.

Waingereza haohao walichukua mbio za farasi wakazitia kwenye miguu ya binadamu. Wanafunzi wa Oxford, katikati ya karne ya 19, walianza kushindana wenyewe kwa wenyewe kuruka nyua na mitaro kwa miguu, na mchezo ukakua mpaka ukawa mita 3,000, viunzi 28 na maji mara saba. Kuanzia hapo sihitaji kumsimulia Mkenya. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, Amos Biwott aliruka lile dimbwi kwa mtindo ambao haukuwa umeonekana, akatua ng'ambo mguu mkavu, akatwaa dhahabu. Kipchoge Keino akafuata mwaka 1972. Tukaikosa michezo miwili kwa kususia, kisha kuanzia 1984 mpaka 2016 hakuna Olimpiki ambayo dhahabu ya viunzi vya wanaume haikuja Kenya. Soufiane El Bakkali wa Morocco ndiye aliyeukata mfululizo huo, Tokyo na kisha Paris. Kwa hiyo nchi ambayo vijiji vyake vingi havijawahi kuona farasi ndiyo iliyoutawala mchezo uliozaliwa mgongoni mwa farasi.

Na kwa nini Kau hakuna farasi? Jibu lina mbawa. Ni mbung'o.

Ukitoka Garsen kuja huku, ukauacha uwanda wa malisho ukaingia kwenye misitu ya ukingo wa mto na vichaka vya kuelekea Witu, unaweza kuona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kivulini kama nguo zilizosahauliwa kambani. Hiyo ni mitego. Mbung'o huvutwa na rangi ile ya buluu, hutua kwenye ile nyeusi, akinaswa hatoki. Akimuuma mnyama humwachia mdudu wa damu, tripanosoma, na mnyama huanza kukonda, macho yakitoa majimaji, manyoya yakisimama, mpaka siku asimame pahali na asiondoke tena. Ng'ombe huugua. Farasi hufa, na hufa upesi. Ndugu zetu Waorma wamefuga ng'ombe katika nchi hii ya mbung'o kwa vizazi na vizazi, na watafiti waliowapima kule ranchi ya Galana katika miaka ya 1980 walikuta kwamba ng'ombe wa Kiorma huuvumilia ugonjwa huo kuliko ng'ombe wenzao wa Boran kutoka bara. Hiyo ni kazi ya wafugaji, ya kuchagua kwa miaka mingi nani azae na nani achinjwe. Farasi hakupata nafasi hiyo. Kila aliyeletwa alikuwa mgeni, na nchi haikumpa muda wa kuwa mwenyeji.

Tena Kau haikumhitaji. Hapa mzigo ulibebwa na maji. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Ozi, na mitumbwi ya Wapokomo ikashuka na mpunga na mahindi mpaka kwetu, nazo pembe za ndovu kutoka bara zikapitia hapahapa kabla ya kuingizwa kwenye majahazi. Kau ilikuwa bandari ya mtoni yenye soko na askari wa Sultani wa Zanzibar. Anayeitazama leo hawezi kuamini: nyumba chache, miembe, mikoko, na maji ya chumvi yanayopanda mtoni kila bahari ikijaa na kuunguza mashamba. Lakini mto umebaki, na mpaka leo mwenye gunia lake hupiga kasia.

Farasi waliokanyaga pwani hii zamani walikuwa wa watu wakubwa, na walikaa visiwani. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar alikuja na farasi wa Kiarabu kutoka Oman, akawafuga kasri ya Mtoni. Mwaka 1840 alituma meli yake Sultana hadi New York chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwa farasi wawili. Sheria ya Marekani ilimkataza rais kujichukulia zawadi ya mfalme, basi farasi wale wakapigwa mnada Washington. Oman yenyewe haijaacha: kuna mchezo wao wa ardha, wapandaji wawili wakienda shoti bega kwa bega, wakisimama juu ya migongo ya farasi huku wameshikana mikono, na mwaka 2018 UNESCO iliutia kwenye orodha ya turathi za binadamu. Nairobi nako wana uwanja wao wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Lakini huo ni mji mwingine na tabaka jingine la watu. Mtu wa Kau akitaka kuona mbio za mnyama na mpandaji, anapanda gari kwenda Mokowe, anavuka maji, anashuka Lamu.

Pale mnyama ni punda.

Watu wengi wakisikia mbio za punda hucheka kwanza. Nawaomba wasicheke. Punda ni Mwafrika kindakindaki. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa dunia, wa China, wa Hispania, wa Mexico, wanatokana na punda waliofugwa mara moja tu, miaka ipatayo 7,000 iliyopita, upande huu wetu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Farasi ametujia kwa meli. Punda tumempeleka sisi kwa walimwengu. Naye humvumilia mbung'o kuliko farasi, ingawa si kwa kiasi cha kumfanya asiugue.

Kisiwa cha Lamu kinasemwa kuwa na punda wapatao 3,000. Ndani ya Mji wa Kale, uliotiwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu wakikutana mmoja hulazimika kuegemea ukuta. Gari halipiti. Mchanga, saruji, maji, boriti, mitungi ya gesi, taka, mgonjwa asiyeweza kutembea: vyote ni punda. Mawe ya matumbawe yanachimbwa Maweni, kisiwa cha Manda, yanavushwa kwa mashua, yanateremshwa ufuoni, halafu yanatiwa kwenye shogi, kushoto na kulia, mpaka tumbo la mnyama halionekani. Hakuna nyumba Lamu ambayo haikupita kwanza juu ya mgongo wa punda.

Ndiyo maana siku ya mbio ina uzito wake. Zipo zinazofanywa wakati wa Maulidi, yale yaliyopata umaarufu kupitia Msikiti wa Riyadha na Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935. Na kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo, kila mwaka hurudi nyuma siku kama kumi na moja. Nyingine ni za tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka, pamoja na mashindano ya majahazi, ya kuogelea na ya bao. Uwanja ni barabara ya ufuoni, bahari upande mmoja na majumba ya kale upande mwingine.

Nilisimama karibu na gati, mwaka mmoja wa Maulidi, tangu jua la alasiri likiwa kali. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mapaa, wanawake kwenye roshani za ghorofa, watoto wamekalia ngazi za gati miguu ikining'inia juu ya maji. Punda waliletwa mmoja mmoja. Hakuna seruji, hakuna vikuku, hakuna lijamu ya chuma; ni kamba tu, imepitishwa kichwani na kufungwa fundo. Mpandaji hakai katikati ya mgongo kama anavyokaa mpanda farasi. Anakaa nyuma, karibu na makalio, kwa sababu huko nyuma mwendo wa punda haumtikisi mtu sana na uti wa mgongo haumkati. Wengi wao ni vijana ambao siku nyingine zote ni wachukuzi, na punda wanaowapanda ndio walewale wanaowapakia mchanga.

Mmoja alikuwa amesimama kiasi cha mkono kutoka kwangu. Kijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba hivi, miguu mitupu, fulana ya mpira imepauka. Alikuwa ameinama kwenye sikio la punda wake akinong'ona, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukimkuna pale shingo inapoungana na mabega, kwa vidole vinne, polepole, kama mtu anayemkuna mtoto alale. Punda alikuwa wa rangi ya majivu, mstari mweusi wa mgongoni ukikatwa na mwingine mabegani, ule msalaba ambao punda wetu wengi wanao. Nilitazama mgongo wake. Manyoya yalikuwa sawa, hayakuwa na upara wa shogi. Nikajua huyu anatunzwa.

Kipenga kilipolia sikusikia kwato. Nilisikia watu. Mji mzima ulipiga ukelele mmoja, na ule ukelele ndio kiunzi cha kwanza. Punda wawili waligeuka palepale wakataka kurudi walikotoka. Mmoja alisimama kabisa, miguu minne imekita, na mpandaji wake akaruka mbele peke yake. Waliobaki walitoka shoti, masikio yamelala nyuma, na mbele yao watu waliokuwa barabarani wakapasuka kama maji yanavyopasuliwa na omo la jahazi, wakifunga tena nyuma yao.

Hapo ndipo nilipoielewa Buttevant. Ufuoni Lamu hakuna mtu aliyepanga viunzi. Vipo. Kuna lundo la mchanga lililoteremshwa asubuhi. Kuna kamba ya mashua iliyokazwa kutoka gati hadi kwenye maji. Kuna mkokoteni ulioachwa, kuna ngazi zinazochomoza, kuna mzee anayevuka na fimbo yake kwa sababu amezoea kuvuka pale. Na kuna midomo ya vichochoro. Kila punda anajua kichochoro chake, kile anachopita kila siku kurudi nyumbani, na akifika hapo moyo wake unamvuta kulia huku mpandaji akimvuta kushoto. Nilimwona mmoja akishinda ubishi huo: aliingia kichochoroni na mtu wake mgongoni, tusiwaone tena.

Na nilimwona yule mwingine, mwenzake wa Aintree. Alimwangusha mpandaji kwenye lundo la mchanga, lakini hakusimama wala hakwenda kwao. Aliendelea, mgongo mtupu, kamba inaburuta, akaruka kamba ya mashua kama aliyefundishwa, akawafikia wenzake na kuwapita wawili. Watu walimshangilia kuliko walivyomshangilia mshindi.

Mshindi hakuwa yule kijana wangu. Yeye alikuja wa tatu au wa nne, na alipofika hakutazama nani kamtangulia. Alishuka, akatia mikono yote miwili shingoni mwa punda wake, akaweka paji la uso pale alipokuwa akimkuna. Mshindi alibebwa juu juu, na mtaa wake ukawa na maneno ya mwaka mzima. Langoni na Mkomani ni majirani walioshindana tangu enzi za mashairi ya majibizano, na hawakosi jambo la kupimana.

Tunayo methali isemayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Nimeisikia ikisemwa kwa watumishi, kwa wake, kwa vijana wa kazi. Na tunayo nyingine, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Nimezisikia zote mbili tangu utoto na sasa nasema wazi kwamba sizipendi. Punda hajatunyima shukrani yake. Sisi ndio tuliomnyima yetu. Siku ya mbio, kwa dakika chache, mzigo unatuliwa, na bwana anakwenda anakotaka punda. Watu elfu wanamwita mnyama yule kwa jina lake. Kisha jua linazama, na kesho yake asubuhi shogi linarudi.

Wapo waliolitazama hilo zamani. Mwaka 1987 shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo Lamu, papo hapo ufuoni, na kuanza kutibu punda bila malipo: minyoo, vidonda, kwato, na yale matumbo yaliyofungwa na mifuko ya plastiki iliyoliwa jalalani. Tangu marufuku ya mifuko hiyo ya Agosti 2017 jalala limepungua mifuko, ingawa halijaisha. Jambo la maana kuliko dawa, kwa maoni yangu, ni shindano walilolianzisha la punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Mwenye punda hupanga foleni na mnyama wake, akakaguliwa meno, kwato, macho na mgongo, na anayeshinda hupewa zawadi mbele ya watu. Mchukuzi aliyezoea kudharauliwa anasimama pale kifua mbele kwa sababu mnyama wake hana donda.

Punda wa bara hawakupata bahati hiyo. Kuanzia mwaka 2016 Kenya iliruhusu machinjio ya punda, manne kwa jumla, ngozi zikipelekwa China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Shirika la utafiti la serikali, KALRO, lilihesabu punda zaidi ya 300,000 waliochinjwa katika miaka mitatu tu, na sensa zikaonyesha punda wa Kenya wameshuka kutoka milioni 1.8 mwaka 2009 hadi karibu milioni 1.2 mwaka 2019. Punda wakaanza kuibwa usiku. Mama wa kijijini aliamka akakuta kamba imekatwa, na tangu siku hiyo maji akayabeba kichwani. Februari 2020 waziri wa kilimo Peter Munya alipiga marufuku machinjio hayo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku yake. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda bara zima. Punda huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya takriban mwaka mzima. Aliyekokotoa faida ya ngozi hakukokotoa hilo.

Na sasa pikipiki. Bodaboda zimevuka maji hadi kisiwani, na mabishano ya kuzizuia zisiingie Mji wa Kale hayajapoa. Sina ugomvi na kijana anayetafuta riziki kwa pikipiki. Lakini mahali pengine pote punda alikokosa kazi, alikosa pia daktari, malisho na jina. Nahofia ije siku mbio zibaki peke yake, punda wafugwe kwa ajili ya picha za watalii, na kijana anayempanda awe hajapata kumpakia hata debe la maji, hamjui mnyama wake wala mnyama hamjui yeye. Mbio za Lamu zina uhai kwa sababu ni za wachukuzi. Kule kunong'onezana sikioni hakufundishwi kwa wiki moja ya mazoezi.

Mimi si wa Lamu, ni mtu wa Kau, jirani wa upande wa mto, na jirani ana haki ya kusema. Nawaomba waandaaji wa mbio, za Maulidi na za tamasha, waweke daktari wa mifugo kwenye mstari wa kuanzia na si kwenye mstari wa kumalizia. Punda mwenye donda asikimbie, hata kama ndiye anayetarajiwa kushinda. Asikimbie aliye mchanga, wala jike mwenye mimba. Fimbo ziachwe, nilizoziona siku ile hazikuongeza mwendo wa punda hata mmoja, ziliwapotosha njia. Na ule mkaguo wa punda aliyetunzwa vizuri ufanywe siku ileile, mbele ya umati uleule, zawadi yake isipungue hata shilingi moja chini ya ile ya mbio.

Kaunti zetu mbili, Lamu na Tana River, nazo nazitaka jambo moja. Garsen, Witu na Kipini kuna punda wanaovuta mikokoteni ya maji, na wengi wao hawajawahi kuguswa na daktari. Mitego ya mbung'o ikaguliwe, iliyochanika ibadilishwe, na chanjo na dawa za minyoo zifike huku ng'ambo ya maji kama zinavyofika kisiwani.

Na wewe unayesoma, ukijaliwa kufika Lamu siku ya mbio, nenda mapema kabla watu hawajajaa. Usianze na mpandaji. Mtazame punda mgongoni, pale shogi linapokaa. Ukiona donda, mwambie mwenye punda papo hapo, kwa adabu, kabla kipenga hakijalia.